Mtoto kenda Ujerumani kusoma, asa Amsterdam kafata nini?

Ngamiani huku Tanga stori ya wiki hii ni binti wa mtaani kwetu anaesoma Kiel, Ujerumani, jirani na Eckernförde ile iliyo mji rafiki wa Tanga toka 1963. Karusha status yuko Amsterdam, Uholanzi, na wenzie wanakula chipsi pembeni ya mfereji, tena Novemba hii katikati ya semista, na nyumbani hakuaga. Wenzie waliamua Ijumaa jioni, usiku huo huo washapanda basi. Kwenye kahawa watu wakagawanyika, wengine mwacheni mtoto aone dunia, wengine wanauliza yaani shamba la Pongwe limeuzwa asome, yeye akaangalie baiskeli za Waholanzi, wakati baiskeli Tanga zimejaa tele.

Mie niko upande wa binti, ila sio kwa ile sababu inayosemwa sana, ati ukiwa ugenini jiachie, usipangepange. Ushauri huo wamepewa watu waliokulia kwenye kalenda. Sie unatoka Makorora kufata sukari dukani unajikuta Raskazone kwa shangazi unakula muhogo na hakuna aliyepanga. Ujerumani hata kumtembelea rafiki mnapeana miadi. Kwaiyo mtoto wetu kufanya mambo papo kwa hapo hafundishwi, shida ni kwamba akifika anajikunja, chumbani, darasani, supamaketi, chumbani tena. Desemba pale Kiel saa kumi jioni jua limeshazama, na mtu aliyezoea kukaa barazani mpaka saa nne usiku anajifungia na simu yake. Hapo mtu akigonga mlango akasema twende, aende! Hata Kijerumani chenyewe anaesomeshwa kwa Kiingereza atakiokota huko huko kwenye mabasi na majikoni kwa watu.

Nikasema mbona sie ujanani tulikuwa tunadandia lori kwenda Pangani bila kuaga. Mzee mmoja akanijibu, Pangani ukikwama unarudi kwa miguu.

Na hapo kanibana kweli. Mjerumani akiambiwa twende London anaangalia nauli, anajaza kibali cha mtandaoni kwenye simu, kamaliza. Binti wetu kibali chake cha ukaazi kinamruhusu kuzunguka nchi zingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, yaani Uholanzi, Denmark, Ufaransa ruksa, ila Uingereza haimo, kule mpaka aombe viza. Na hata huko kwenye ruksa atembee na pasipoti na ile kadi ya ukaazi yenyewe, picha ya kwenye simu asiitegemee. Yaani haraka yetu sie lazima ipangwe kwanza, inachekesha ila ndo pasipoti tuliyonayo.

Hela nayo. Toka Septemba 2024 anaeombea viza kwa akaunti ya kufungiwa anaweka yuro 11,904 za mwaka mzima, zaidi ya milioni 30 zetu, alafu akifika anatolewa 992 kwa mwezi. Humo humo kodi, bima, chakula. Kufanya kazi anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au 280 za nusu siku, sasa zamu nyingi za wanafunzi si ndo hizo za wikiendi, kwaiyo safari moja inamla mara mbili, nauli imetoka na zamu imepita. Bado naona ni hasara ya kuvumilika, mwezi huo atakula wali maharage.

Kinachonitisha ni mitihani. Vyuo vya kule mara nyingi unajiandikisha mwenyewe kwa kila mtihani kabla ya tarehe kufungwa, hakuna wa kukukumbusha, na vyuo vingi ukianguka mtihani wa lazima mara 3 kozi hiyo basi tena, na kibali cha ukaazi kimefungwa kwenye masomo hayo hayo. Amsterdam ya Novemba haijagusa kitu. Ila vipindi vya semista vinaishia mwezi wa pili, mitihani ndo inabisha hodi, na mwezi huo mtu akigonga mlango kusema twende Paris, binti asifungue.