Utafiti wa Kongwa kuhusu trakoma: umethibitisha nini hasa?

Mwaka 1995 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, likiongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Swali lilikuwa iwapo kuwanawisha watoto uso hupunguza trakoma, maambukizi ambayo yakirudiarudia tangu utotoni huacha makovu ndani ya kope, hadi nywele zake zikapinda na kukwaruza jicho.

Vijiji 6 vilihusika. Vyote vilipewa dawa ya tetrasaiklini ya kupaka machoni kwa siku 30, kisha 3 kati yake vikaongezewa uhamasishaji wa kina, wanakijiji wenyewe wakijadiliana namna ya kuhakikisha watoto hawashindi na tongotongo na makamasi yanayovuta nzi. Baada ya mwaka mmoja, nyuso safi ziliongezeka katika vijiji hivyo, na uwiano wa uwezekano wa trakoma kali (kipimo ambacho chini ya 1 humaanisha nafuu) ukawa 0.62 ukilinganishwa na vijiji vilivyopewa dawa pekee.

Watetezi wa elimu ya usafi huishia hapo, na wengi, nadhani, wamesoma muhtasari tu. Trakoma kwa ujumla wake haikupungua kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu, na hata ile 0.62 ni makadirio ambayo kikomo chake cha juu, ukihesabu uwezekano wa bahati nasibu, ni 0.97, yaani pua na mdomo na 1, ambayo ingemaanisha hakuna tofauti. Ni kweli kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na nafuu kubwa zaidi, lakini mtoto wa namna hiyo huenda anatoka katika kaya yenye unafuu wa mambo mengine pia.

Wakosoaji nao husema kwamba kumhimiza mama wa Kigogo anawishe watoto ilhali maji yako mbali ni kumtwisha lawama isiyo yake. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa utafiti wa awali wa timu hiyohiyo katikati ya Tanzania, uliochapishwa 1989, ulionyesha kuwa trakoma iliongezeka kadiri chanzo cha maji kilivyokuwa mbali. Hata hivyo, utafiti huohuo haukuona uhusiano na kiasi cha maji yaliyofika nyumbani. Kilichoamua, kwa maoni yangu, ni matumizi: maji ya kikombe hunawisha uso wa mtoto, lakini dumu lililobebwa mwendo mrefu huhesabiwa kwanza kwa ugali na mifugo midogo. Ndiyo maana naona uhamasishaji ulistahili kujaribiwa, na unastahili kuendelea.

Ila matokeo yale hayasemi lolote kuhusu kunawa bila dawa, kwa sababu hakuna kijiji kilichonyimwa dawa. Tena marhamu ile imekwisha kupisha azithromaisini ya kumeza, inayogawiwa kwa jamii nzima kwa mara moja, kwa hiyo anayeitaja 0.62 leo anapoomba bajeti ya halmashauri anapaswa kulieleza hilo pia.