Kabla Mhubiri Mgeni Hajapanda Mimbarini

Katika makanisa mengi ya Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Bamburi, mhubiri mgeni hukaribishwa kwa orodha ya vyuo alivyosomea, nchi alizohubiri na makanisa yaliyo chini yake. Naamini kwamba orodha hiyo, hata ikiwa kweli tupu, hutuficha jambo tulilostahili kulijua kwanza, yaani ni watu gani waliomlea hadi akaingia katika huduma, na wale aliowaongoza baadaye wameishi vipi mikononi mwake.

Petro, aliyemkana Bwana wake, hakuulizwa kando ya ziwa habari za ufasaha wake. Aliulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo. Waraka wa kwanza wenye jina lake, katika sura ya 5, unawaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi.

Sisi wa pwani tuna ushuhuda wetu wenyewe. William Jones alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuingizwa utumwani, akakombolewa, akalelewa na wamisionari India, na mwaka 1864 akafika Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Aliongoza watu ambao maumivu yao aliyajua mwilini mwake. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipokimbilia Rabai aliwapokea, ingawa kuwahifadhi kuliiweka misheni nzima hatarini mbele ya wenye mashamba. Mwaka 1888 ilibainika kwamba watoro zaidi ya 1,400 walikuwa wakiishi katika vituo vya misheni, na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikalipa fidia ili wapate uhuru wao. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amesafiri na James Hannington, askofu wa Kianglikana, kuelekea Uganda. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia. Sijui sifa ya mimbarini inayoweza kushindana na hiyo.

Wapo wanaohofu kwamba kiongozi mwenye upendo atashindwa kukemea. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa waumini huyapokea makemeo ya mtu aliyewahi kuketi nao msibani, na huyakataa, hata wakinyamaza, ya mtu anayewajua kwa sadaka zao tu. Upendo huo una kazi nzito katika mji huu, ambamo baba hukosa ibada kwa sababu ya zamu ya usiku bandarini Kilindini, na mhudumu wa hoteli hurudishwa nyumbani msimu wa watalii unapokwisha. Mchungaji anayeuliza kwanza kwa nini kiti ki wazi, kabla ya kuuliza zaka iko wapi, anaongoza. Na huyo huyo ndiye asiyeogopa kusoma hesabu za kanisa mbele ya washirika wote.

Ndiyo maana ningependa wazee wetu, kabla ya kumwalika mgeni, wazungumze na mzee mmoja wa kanisa analoliongoza, na ikiwezekana na mama mmoja asiye na cheo chochote pale. Kisha mgeni mwenyewe, kabla ya kufungua Maandiko, apewe nafasi ya kutueleza ni nani aliyemwombea na kumwonya alipokuwa kijana, na ni nani leo, katika kanisa lake, anayeweza kumwambia kwamba amekosea.