Si "maji tu yameingia"

Juzi alasiri nilimwita mdogo wangu mara tatu na hakugeuka. Hakuwa mbali. Alikuwa amekaa upenuni, hatua chache tu kutoka nilipo, akibandika kiraka kwenye kaiti iliyochanika, yaani ile tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini. Mara ya nne niliinuka nikamgusa bega. "Umeniita?" akauliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtushwa usingizini. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, na huo ndio upande wenyewe.

Sikio hilo lilipigwa na maji mwezi wa pili, Kaskazi ilipokuwa ikivuma kwa nguvu. Sasa Kusi imeshaingia, pwani yetu ya Paje, mashariki ya Unguja, imejaa kaiti kutwa nzima, walimu wenzake wa kaiti wako kazini, na yeye yuko nyumbani anabandika viraka kwa malipo ya kiraka kimoja kimoja. Miezi minne kwa sikio moja! Na kila nikishuka ufukweni nawaona vijana wengine ishirini wakifundisha kichwa wazi, masikio wazi, kama alivyokuwa yeye. Ndiyo maana naandika.

Siku ile alikuwa anamfuata mwanafunzi aliyeanza kupeperushwa kuelekea mwambani. Alikuwa anakwenda kasi. Ukingo wa ubao ukanasa majini, akarushwa, akaanguka kibavu, na upande wa kushoto wa kichwa ndio uliotangulia. Anasema alisikia mlio ndani ya kichwa kama kitambaa kinachochanwa, kisha maumivu, kisha bahari ikaanza kuzunguka. Hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Alijaribu kuogelea akajikuta anakwenda chini. Kilichomtoa ni jaketi la kuelea alilovaa, maana lenyewe lilijua njia ya juu wakati yeye haijui, na mwenzake aliyekuwa karibu akamshika.

Alipofika nchi kavu aliambiwa na aliyekuwa na dhamana ya kazi: "Maji tu yameingia. Inamisha kichwa, rukaruka, yatatoka." Akainamisha kichwa. Yakatoka maji yenye damu. Saa kumi akarudishwa baharini, kwa kuwa mwanafunzi wa saa kumi alikuwa ameshalipa.

Usiku bibi alipasha moto mafuta ya nazi na punje za kitunguu saumu, akamdondoshea. Simlaumu bibi hata kidogo. Masikio yetu sote yametibiwa kwa mkono ule, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, kilikuwa kimetoboka na mafuta yale yanapita moja kwa moja hadi ndani. Siku ya nne usaha ukaanza. Tulipomfikisha mjini kwa daktari wa masikio, wiki mbili zilikuwa zimekwisha.

Nilimwomba daktari anieleze taratibu, akanieleza. Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na mwisho wake kuna kiwambo chenye upana wa karibu sentimita moja na unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Unapoanguka kibavu, maji yanaziba mlango wa tundu kwa mara moja, na hewa iliyomo haina pa kukimbilia. Inasukumwa ndani, kiwambo kinachanika. Maji yenyewe si lazima yawe na mawimbi. Maji tulivu ya ndani ya mwamba wetu, yale tunayowasifia wageni kuwa mepesi kama kitanda, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa yanapiga kama ukuta.

Daktari akasema, "Ni kofi tu." Kofi la kiganja kilichokunjuliwa, likatua barabara juu ya sikio, linafanya kazi ile ile: linafungia hewa na kupasua. Nilikaa kimya pale kwenye kiti, nikawakumbuka watoto niliosoma nao skuli waliopigwa makofi ya sikio kwa kuchelewa au kwa kusahau daftari, na yule mmoja ambaye baada ya hapo alikaa dawati la mbele mpaka anamaliza, akijibu maswali ambayo hayakuulizwa. Tulimcheka. Mwalimu alisema hasikilizi. Siku hizi nikimkumbuka najiuliza kama alikuwa akisikia. Makofi hayo nayo naomba yakome, na mwenye kusoma hapa aliye na mtoto skuli alifuatilie.

Nirudi baharini. Watu wanadhani hatari ya kuchanika sikio ni maumivu na kupoteza usikivu. Hayo ni makubwa, lakini kinachoweza kumuua mtu ni kile kizunguzungu. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya kiwambo, ndimo kilimo kiungo kinachotuambia tumesimama au tumelala, juu ni wapi na chini ni wapi. Kiko katika joto la mwili, nyuzi 37. Maji ya baridi zaidi ya hapo yakikifikia kwa ghafla, kinapotoshwa. Hospitalini madaktari wanakipima kwa makusudi namna hiyo hiyo: wanakuingizia sikioni maji ya nyuzi 30, na mtu mzima mwenye afya, aliyelala kitandani, anaona chumba kinazunguka. Na hapo kiwambo chake ni kizima! Sasa bahari ya Paje wakati wa Kusi haifiki nyuzi 30. Sisi tunaiita ya joto kwa sababu ngozi imeizoea, lakini kwa sikio lililotoboka ni baridi tosha ya kumpotezea mtu mbingu na ardhi. Ongeza hapo kamba za kaiti, upepo, na kina kisichogusika kwa mguu maji yakijaa. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi, maji yaliyoingia yakishapata joto la mwili. Muda huo mfupi ndio mtu anaotakiwa awe anaelea bila kujitahidi. Kwa hiyo jaketi linaloelea ni la kuvaa kila siku, liwe zuri au baya, na ikikutokea achia mpini wa kaiti, usiogelee, tulia uelee, mwite mwenzako.

Na masikio yafunikwe. Helmeti zenye vifuniko vya masikio zipo, na shule nyingi za kaiti za pwani yetu wanazo. Ila wanavaa wanafunzi. Mwalimu anasimama kando yake kwa kofia ya jua, au bila kitu. Nimeuliza kwa nini, na jibu nililopewa na vijana wenyewe ni kwamba helmeti ni ya anayejifunza, fundi akivaa ataonekana hajui. Ndugu zangu, mwaka 2024 mbio za kaiti ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Marseille, na wale waliokuwa hodari kuliko wote duniani walishindana wakiwa na helmeti vichwani. Hakuna aliyewaona kuwa hawajui. Mwanafunzi anakaa majini saa mbili kwa siku, siku tatu, anapanda ndege anarudi kwao. Mwalimu yumo humo msimu mzima, Kaskazi na Kusi, mwaka baada ya mwaka, na ndiye anayekimbilia popote penye hatari. Ukihesabu nani ana nafasi zaidi ya kuanguka vibaya, hesabu haichukui muda.

Nakubali, helmeti inachemsha kichwa, hasa mwezi wa kwanza na wa pili. Nakubali pia kwamba mwalimu lazima asikie, kwa kuwa mwanafunzi akipiga kelele upepo unaila sauti yake kabla haijafika. Lakini vifuniko vya helmeti nzuri vina matundu ya kupitisha sauti, na vipo vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya maji vinavyopitisha mazungumzo. Mdogo wangu leo hasikii kabisa mtu aliye kushoto kwake akinong'ona. Yupi anasikia vizuri zaidi, yeye au aliyevaa kifuniko? Jambo moja muhimu: helmeti iwe ya kubana, isicheze, maana iliyolegea inachota maji na kuyapeleka panapotakiwa yasifike. Na wale wa kupiga mbizi, wa pweza na wa majongoo, vizibo visiwahusu. Ukishuka chini navyo maji yanavisukuma ndani.

Likikupata, au likimpata mwanao, dalili ni mlio au kishindo, maumivu makali yanayopungua haraka, damu kidogo, mvumo usiokoma, sikio kuwa kama limezibwa, wakati mwingine hewa kutokea sikioni ukipenga kamasi. Toka majini na usirudi siku hiyo. Usitie kitu chochote: si mafuta ya nazi, si habasoda, si kijiti cha pamba. Wala usikimbilie matone ya duka la dawa kwa kusema tu "nipe dawa ya sikio", kwa sababu baadhi yake, yakiwamo yenye gentamicin, yanaweza kuharibu usikivu kabisa kiwambo kikiwa wazi. Ukioga, pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio. Kisha nenda kwa daktari atazame ndani. Tundu dogo, likiachwa kavu, mara nyingi hujifunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa. Maneno hayo daktari alipoyasema, mdogo wangu aliangalia sakafu. La kwake halikuachwa kavu hata siku moja. Sasa linazungumziwa suala la upasuaji wa kulitia kiraka.

Nyinyi wenye shule za kaiti, sisemi kwa ugomvi, wengi wenu tunaamkiana kila asubuhi. Kaiti mpya moja bei yake inanunua helmeti za walimu wote mlio nao na chenji ikabaki. Wanunulieni, na msiwaachie hiari, iwe ni sharti la kazi kama ilivyo kwa mwanafunzi. Na kijana akitoka majini ameshika sikio, asirudishwe. Mwanafunzi wa saa kumi atasubiri kesho. Upepo wetu haumalizwi na siku moja. Mpeni nauli ya kwenda mjini na mshahara wa siku atakazokaa, kwa kuwa aliumia akiokoa biashara yenu.

Miadi ya mdogo wangu ni Jumatano asubuhi. Ameniomba niende naye, nikae upande wa kulia, nimrudilie atakayosema daktari.