Suti ya Mwili Unaokuja

Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni, mama mkwe alinipokea vizuri tu. Akanikalisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akaniletea soda, halafu akamvuta binti yake jikoni. Nyumba ile haina dari. Nikasikia kila neno: "Mwanangu, huyu mmeshakwenda kupima?"

Tulishapima, maana hata parokia ilitaka majibu. Sina virusi, sina kifua kikuu, sina kisukari wala minyoo. Mimi ni mwembamba tu, kama baba yangu na kama babu yangu, ambaye kijijini walimwita Kimbaumbau mpaka anazikwa. Urefu wangu ni sentimita 178, na wakati huo nilikuwa na kilo 54. Dada yangu ni muuguzi. Akachukua kilo zangu, akagawa kwa urefu wangu wa mita, akagawa tena kwa urefu ule ule, akapata 17. Mtu mwenye uzito unaotakiwa anaanzia 18.5. "Mdogo wangu," akasema, "unadaiwa kilo tano."

Deni hilo nilikuwa nalijua tangu shule. Sekondari nilivaa bukta mbili ndani ya suruali ili angalau na mimi nikae kwenye dawati kama mtu. Makonda wa daladala za Magomeni walikuwa wakinibandika kwenye siti iliyojaa: "Sogeeni, huyu nusu!" Na nauli wakachukua nzima.

Harusi ilipangwa Desemba, huko huko ukweni, Moshi, kwa sababu Desemba ndipo Wachaga wote wanapopanda nyumbani. Wakati huo tulikuwa mwanzoni mwa Septemba. Nikajiambia miezi mitatu inatosha. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mipango, kabla sijanyanyua chuma hata kimoja nikaenda kwa fundi kupima suti.

Fundi alinizungushia futi kifuani, akaisoma, akaisoma tena.

"Thelathini na nne."

"Andika arobaini, fundi."

Akavua miwani. "Kijana, mimi napima, sikisii."

"Naanza mazoezi kesho. Ikifika Desemba nitakuwa nimejaa."

Alinitazama kwa muda. Akasema miaka yote mabibi harusi humwambia "shona ndogo, nitapungua," na hawapungui. Wa kusema atajaa nilikuwa wa kwanza. Akaandika arobaini kwenye kaunta buku. Tulipofika kiunoni akataka kuongeza na hapo, nikamzuia: "Kiuno acha ishirini na nane hiyo hiyo. Mtu wa mazoezi kiuno hakiongezeki." Nilikuwa nimeona kwenye picha, mwili wa herufi V. Fundi akaandika bila kubisha. Hela yake alikuwa ameshaiweka mfukoni.

Jimu yenyewe ilikuwa uani kwa mtu, nyuma ya gereji. Benchi ni ubao wa mninga uliopigwa misumari, chuma ni ekseli ya gari, na uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kule hakuna anayehesabu kilo, watu wanahesabu makopo. "Wewe unabeba ngapi?" "Lita nne mbili." Kopo la lita nne likijaa zege linafika kilo tisa na ushee, ongeza ekseli yenyewe. Siku ya kwanza Kocha alinilaza kwenye ubao, akanipa ekseli tupu. Ikashuka kifuani kwa raha zake, ikagoma kupanda. Kocha alikuwa ameshageuka kwenda kupokea simu. Nikalala pale natazama mbingu ya Magomeni, chuma kimenikalia kama mpangaji asiyelipa, mpaka mama wa vitumbua aliyepita na beseni lake kichwani akainama, akakiinua upande mmoja kwa mkono mmoja, nikachomoka. Beseni halikutikisika. Akaniuliza, "Umekula, baba?"

Hapo ndipo nilipogeukia chakula. Dada alishaniambia kwamba anayejenga mwili anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo yake. Kwangu mimi ni gramu 86. Yai moja lina gramu sita hivi. Nikapiga hesabu: mayai 14 kwa siku. Sikumsubiri amalizie sentensi yake, ambayo baadaye niligundua ilikuwa inahusu maharage, dagaa, maziwa na karanga. Nikanunua trei. Kocha akasema mayai mabichi ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo nikawa nayapasulia kwenye kikombe cha bati alfajiri na kuyameza nimefumba macho. Trei la mayai 30 lilikuwa halimalizi siku tatu. Kuku wa mama mwenye nyumba wakaanza kunikwepa. Wapangaji wenzangu wao walinikwepa kwa sababu nyingine. Nyumba ina vyumba saba na choo kimoja, sitaeleza zaidi.

Dada alipokuja kunitembelea akakuta maganda yamejaa ndoo. Nikamweleza kwa fahari. Akakaa kitandani. "Yai la kuchemsha mwili unachukua karibu protini yake yote. Bichi, unachukua kama nusu. Umemeza trei kumi, umefaidi tano. Zile nyingine tano umenunulia ugonjwa." Akaniambia niongeze mlo mmoja tu wa kawaida, kalori 300 hadi 500 kwa siku, niongeze makopo polepole, nilale vizuri, nikijitahidi nitapata nusu kilo kwa wiki. Nusu kilo! Mimi nina suti ya inchi arobaini inanisubiri.

Wakati huo huo ukweni nao walikuwa wameanza jitihada zao. Mama mkwe alituma kwa basi mkungu wa ndizi na kopo la samli, na mama mkubwa wa mchumba wangu anayekaa Kimara akapewa kazi ya kunipikia mtori. Kila asubuhi kijana wa bodaboda ananiletea chupa ya chai kubwa imejaa mtori wa moto, ndizi zimepondwa na nyama mpaka zimekuwa laini. Sasa, mtori kila mtu anakula, lakini mtori wa kuletewa kwenye chupa kila alfajiri Uchagani ni wa mama aliyejifungua. Jirani yangu mmoja wa huko huko Rombo alivumilia siku nne, ya tano akagonga mlango. "Hongereni sana. Wa kike au wa kiume?"

Nilipaswa kuishia hapo kwenye mtori, maana ulikuwa unafanya kazi. Lakini Novemba ilipoingia nikapata hofu, nikanunua vidonge vya kunenepa. Viliuzwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa, havina boksi wala jina. "Kunywa viwili usiku, utakimbia na sahani ya mtu." Na kweli, njaa ilikuja. Ilikuja na mwenzake. Nilisinzia ofisini, nikasinzia kwenye daladala mpaka mwisho wa kituo na kurudi nilikotoka, nikasinzia kwenye mafundisho ya ndoa. Padri alikuwa anaeleza uvumilivu. Akauliza, "Na mwenzako akikuudhi usiku, utafanyaje?" Wenzangu wanasema nilijibu kwa mkoromo mrefu. Mchumba wangu alitazama dirishani muda wote uliobaki.

Dada alikipasua kidonge kimoja, akanisimanga nusu saa. Alidhani ni dawa ya mzio, ile ya mafua na muwasho. Njaa na usingizi ndiyo madhara yake. "Wenzako wananunua dawa wanavumilia madhara. Wewe umenunua madhara!" Nikavitupa chooni siku ile ile.

Wiki ya harusi nikapanda kwenye mzani wa kijana mmoja Kariakoo, wale wanaotembea nao barabarani. Kilo 57 na nusu. Nilitaka kumkumbatia. Kilo tatu na nusu zilikuwa zimekuja kweli, ila zilikaa zote mahali pamoja, kama abiria wanaogoma kusogea nyuma. Mikono ilikuwa ile ile, na kifua labda kilikuwa na inchi moja ya juu. Tumbo lilikuwa limetokeza mbele kama la mtu aliyemeza nazi nzima.

Fundi naye alikuwa amekwenda kwao Lushoto kwenye msiba, duka limefungwa na suti yangu ndani. Alirudi usiku wa kuamkia safari, akanikabidhi suti imefungwa kwenye nailoni, alfajiri nikapanda basi. Kilomita zaidi ya 500 niliipakata kama mtoto, sikuthubutu kuifungua isije ikakunjamana.

Nikaifungua asubuhi ya harusi, gesti, Moshi mjini, saa moja na nusu.

Koti lilinipokea kama godauni linavyopokea gunia moja. Mabega yake yalikuwa yanaishia mbali kabisa na yangu. Suruali nayo, kiuno ishirini na nane kama nilivyoagiza mwenyewe kwa mdomo wangu, zipu ilifika nusu ya safari ikakutana na mtori. Msimamizi wangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alizunguka mara moja kunitazama, akakaa, akauliza taratibu, "Hii suti, shemeji, ni ya nani?"

Kwenye kifungo cha suruali tulifunga lastiki ya kufungia noti, mkanda ukaficha. Mabegani tukajaza soksi. Kwa kifua msimamizi akampigia simu shemeji yangu mdogo, akaja mbio na mfuko wa fulana kutoka nyumbani kwao. Nikaanza na sweta langu, nikafuatisha fulana ya shule, ya mpira, ya kampuni fulani ya soda, na juu kabisa nikataka nyeupe ili rangi zisionekane ndani ya shati. Nyeupe ilikuwa moja tu, nayo ina picha ya mzee mmoja aliyevaa pama, na maandishi chini. Sikumfahamu. Nikaivaa nje ndani, picha ikaelekea moyoni, nikavaa shati, nikavaa koti. Kwenye kioo akatokea mwanaume. Namwambia kila mtu mpaka leo: kwa saa nne nilikuwa na kifua.

Kanisani kule mlimani kuna ubaridi wake, mambo yakaenda vizuri. Nilipiga magoti polepole kama ngamia kwa sababu ya lastiki, watu wakadhani ni unyenyekevu. Mama mkwe alinitazama kifuani akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Balaa lilikuwa ukumbini, mjini, mchana, Desemba. Tuliingia kwa kucheza, hatua mbili mbele moja nyuma, tangu mlangoni hadi meza kuu, na mimi nina nguo saba kifuani. Tulipoketi, jasho lilikuwa linafika kwenye soksi, na nyingine sasa zilikuwa miguuni. Ndafu akaletwa, mbuzi mzima amesimamishwa na majani mdomoni, nikamwonea wivu. Yeye alikuwa ameshaivishwa, mimi bado niko motoni. Na hapo emsii, Mungu amsamehe, akapaza sauti: "Bwana harusi vua koti tuone kifua cha mazoezi!"

Ukumbi mzima ukashangilia. Nilikataa kwa mkono. Wakaongeza makofi. Mke wangu, ambaye hakujua lolote, akanisaidia kulivua kwa mapenzi. Soksi moja ya bluu ikaanguka kutoka begani, ikatua mbele ya ndafu. Mkono wangu wa kushoto ukawahi mkanda. Lakini watu walikuwa hawaangalii soksi wala mkanda.

Shati lilikuwa limelowa chepechepe na kunigandia. Chini yake fulana nyeupe nayo imelowa, na kwenye vitambaa viwili vilivyolowa, taratibu, kama picha inayosafishwa, akajitokeza yule mzee wa pama. Katika kifua changu. Amewakazia macho wageni. Chini yake maandishi yamegeuka kinyumenyume, lakini PUMZIKA KWA AMANI hata ikigeuzwa inasomeka.

Alikuwa babu wa mke wangu. Fulana zilichapwa kwenye maziko yake, miaka mitatu nyuma.

Muziki ukazimwa. Mama mkwe alikuwa anakuja na kisahani chake cha keki, kikamponyoka. Nikasikia shangazi mmoja akisema "Yesu na Maria." Mimi nimesimama, mkono mmoja umeshika suruali, natamani ndafu anipishe nijilaze pale.

Ndipo bibi yake, mjane wa yule mzee, mwenye miaka themanini na kitu, akainuka meza ya mbele. Alikuja na mkongojo wake mpaka mbele yangu. Nikainama, "Shikamoo bibi." Hakuniitikia. Hakuwa anazungumza na mimi. Aliweka kiganja juu ya picha, kwenye mfupa wa kifua, maana jasho lilikuwa limeshatepetesha fulana zote, pamebonyea, na pama ya mzee imekunjana ikaingia katikati ya mbavu.

Akaipapasa kidogo. Akatikisa kichwa.

"Mzee wangu," akasema, "mbona umekonda hivi?"

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena, na ukumbi ukamfuata. Lastiki ikakatika wakati huo huo, ila kwa kelele zile hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na mke wangu. Bibi yeye hakucheka. Alimgeukia kijana aliyeshika kisu cha ndafu, akamwonyesha sahani yangu kwa mkongojo.

"Hapo weka ya watu wawili."