Dawa ya kichocho inafika darasani, huduma ya afya ya akili je?

Aliyesoma shule ya msingi huku kwetu Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, anaijua siku ya dawa ya kichocho. Watoto wanaambiwa waje wameshiba, wanapanga mstari, mwalimu anawapima urefu kwa kijiti chenye alama ili ajue kila mmoja ameze vidonge vingapi. Hakuna mzazi wa Igoma wala Ukerewe anayelazimika kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa ya Bugando kwa ajili hiyo. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nayo, tangu 2018, imekuwa ikiwafuata wasichana shuleni. Tunajua vizuri sana kupeleka tiba mahali watoto walipo.

Kwenye maradhi ya akili mzigo wote tunamtwisha mzazi.

Binti wa jirani yangu, akiwa kidato cha pili, alipoteza usingizi. Alama zikashuka, akahamia dawati la nyuma kabisa, kisha akaanza kukosa vipindi. Shuleni akaandikwa mtoro na kuchapwa. Nyumbani wakasema katupiwa jambo: wakaenda kwa mganga, baadaye kwenye maombi. Alipofika kliniki ya afya ya akili na kuambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha, karibu mwaka mzima ulikuwa umeshapita. Leo anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Ila ule mwaka unaniuma. Watu wazima walikuwa wanamwona kila siku, na dalili zote walizisoma kama utovu wa nidhamu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Kwetu mwenye miaka 14 ni mtoto wa darasa la saba au kidato cha kwanza.

Na kanda hii ina historia yake. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, mkoani Kagera, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Walipata hali hiyo 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vimelea, wasipate kitu. Walichokiona ni akili za watoto zilizoelemewa. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado mabinti wakianguka na kupiga mayowe bwenini, wa kwanza kuitwa ni mtu wa kukemea mapepo. Maombi siyapingi. Napinga yakiwa ndiyo huduma pekee.

Ninachotaka ni muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya azungukie shule za serikali kwa ratiba inayojulikana. Madaktari bingwa ni wachache, waachiwe kesi nzito pale Bugando na hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Mwalimu wa malezi tunaye, lakini ana vipindi vyake, tena kuna shule ambako yeye huyohuyo ndiye mwalimu wa nidhamu. Mtoto gani atamweleza aliyeshika fimbo kwamba usiku anawaza kufa? Hasa wakati kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai!

Aibu ipo, sikatai. Kwa hiyo muuguzi huyo aone kila kitu: kukosa usingizi, kukojoa kitandani, maumivu ya kichwa yasiyoisha, na kifafa, ambacho tayari kinatibiwa kwenye kliniki za afya ya akili. Hapo mtoto akionekana mlangoni kwake, hakuna atakayejua kafuata nini. Wengi watahitaji mazungumzo tu. Wa kupewa vidonge, mzazi aitwe, aelezwe, aridhie, na dawa azitunze yeye nyumbani.

Bajeti za halmashauri zinapoandaliwa, madiwani wa Jiji la Mwanza na Ilemela nawaomba waulizie mambo matatu: nauli ya muuguzi, chumba cha shule chenye mlango unaofungwa, na dawa za kifafa na sonona ziwepo kwenye kituo cha afya kilicho jirani, ili mzazi wa Buhongwa asipande daladala mbili kila mwezi kuzifuata mjini.