Kiatu cha Kukua Nacho Kiache Shuleni

Jumatano usiku imeingia picha kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Innsbruck. Ndugu yetu mmoja, hajamaliza hata mwaka hapa Austria, kasimama sebuleni kashika skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, nyekundu za mashindano, sentimita 185, zimempita kichwa. Chini kaandika: "Jumamosi naanza rasmi. Skii na buti, mtumba safi, euro 120. Buti 45, mimi 43, nitavaa soksi mbili." Majibu yakamiminika. Hongera mkuu! Unatisha! Moto, moto, moto! Watu thelathini kwenye kundi, zaidi ya nusu tushawahi kuanguka kwenye mlima huohuo, na hakuna aliyemwambia kwamba kanunua matatizo mawili: moja refu, moja pana.

Lile refu ana nafuu nalo, nitalieleza. Lile pana, yaani buti, ndilo lililoninyima usingizi, hata nikamwandikia palepale kundini.

Najua lilikotoka. Tumelelewa hivyo. Mama akinipeleka dukani Tanga kununua viatu vya shule, alikuwa anabonyeza kwa mbele na kidole gumba. Kidole kisipopata pa kuzama, kiatu kinarudi kabatini. "Utakua nacho." La tatu nilikiburuza, gazeti limesokotwa mbele, la nne kikanienea, la tano kidole kikaanza kuchungulia dunia. Hekima ile siibishi, ilitusomesha. Lakini buti ya skii ni sehemu ya chombo, na mwenye mguu mzima wa miaka thelathini na mbili hana anachokingojea kikue.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilifanya yaleyale. Mguu wangu una sentimita 25. Namba za buti za skii zenyewe ni sentimita za mguu, si zile 43 na 45 za viatu vya kawaida, hakuna fumbo: 25 ni 25. Nikachukua 27 kwenye gulio la mitumba kwa sababu "zinaingia vizuri". Dada aliyekuwa anauza akatabasamu. Ningejua anachokichekea, ningemkata jicho. Siku ya kwanza kwenye mteremko wa bluu, ule wa watoto wa chekechea, kisigino kinapanda na kushuka mle ndani kama mchi. Nikaona dawa ni kukaza bizimu. Nikakaza mpaka damu ikakataa kupita, vidole vikafa ganzi kwa baridi, na mguu bado unaogelea. Jioni kucha ya kidole gumba nyeusi tii, na skii yangu haijageuka hata mara moja pale nilipotaka igeuke.

Kwa nini? Ushawahi kupanda daladala ambayo usukani wake una mchezo? Dereva anakata kona leo, gari linageuka kesho. Basi ndiyo hiyo. Skii unaiendesha kwa ugoko. Unaegemea mbele, ugoko unasukuma ulimi wa buti, unalaza goti pembeni, buti inalala nalo, na ukingo wa chuma wa skii unauma theluji. Kila milimita ya hewa iliyobaki kati ya ngozi na plastiki ni amri isiyofika. Unaweza kuwa na skii za euro 900 chini yake. Zitakusikiliza vipi wakati ujumbe umeishia kwenye soksi? Na hizo soksi mbili ndizo zinazomaliza kabisa. Zinakunjana, zinasugua, zinanyonya jasho, na jasho likipoa umeingia kwenye friji. Soksi ni moja, nyembamba, ndefu, ya sufu au nailoni. Pamba iache kitandani.

Kupima ni hivi, na hakuhitaji Kijerumani. Toa ile bitana ya ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza mpaka vidole viguse mbele, halafu angalia nyuma ya kisigino. Pakitosha vidole viwili vya mkono, uko sawa. Zile zangu za 27 zilimeza vidole vinne na bado pana nafasi ya mgeni. Kisha rudisha bitana, vaa, funga. Ukisimama wima vidole viguse mbele, vikuudhi kidogo. Ukikunja magoti vinarudi nyuma, vinapumua. Kaa nazo dukani dakika ishirini, tembea ovyo kama bata, usimwonee haya mtu. Na kumbuka bitana inajikandamiza ukiitumia, kwa hiyo buti inayokuenea raha mustarehe leo, baada ya wiki chache ni ndoo.

Aliyenifundisha haya ni fundi mmoja mzee. Yeye kila akipima mguu wa mtu lazima apitie kwa Franz Klammer, bingwa wa skii wa Austria, jinsi alivyoshuka mlima Patscherkofel hapa Innsbruck mwaka 1976 na suti yake ya njano akachukua dhahabu ya Olimpiki. Anasimulia kama wazee wetu wanavyomsimulia mkimbiaji wetu Filbert Bayi na mbio zake za Christchurch, mpaka unasahau ulifuata nini. Lakini alinivalisha 25, nikapiga kelele, akaniambia ningoje. Pale mfupa ulipokuwa unaniumiza kweli, akalipasha ganda moto na kulitanua hapohapo. Euro 380. Nililia njia nzima kwenye basi. Msimu uleule nikashuka mteremko mwekundu, ule mkali kuliko wa bluu, bila kukaa chini hata mara moja.

Haya, nakubali, kubana nako kuna mpaka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukihisi sindano au ganzi usidanganywe kwamba utazoea. Na anayeanza asipewe buti ngumu za mabingwa. Achukue laini zinazokunjika. Na ndiyo, kama unaenda siku mbili kwa mwaka kwa ajili ya picha, kodisha kila kitu uwaachie wenye duka shida zao. Nimesema.

Yaliyobaki sina maneno mengi. Skii za mwanafunzi zifike kidevuni au puani, na kukodi ni bora kuliko kununua kwa sababu mwakani utataka nyingine. Zile ndefu nyembamba zilizonyooka kama rula ni za zamani, zitundike ukutani. Buti za zamani nazo plastiki yake huzeeka ikapasuka, mara nyingine katikati ya mteremko, na huko hakuna bodaboda. Vile vishikizo vinavyofyatua skii ukianguka hupimwa kwa uzito wako, urefu, umri, uwezo wako na urefu wa soli ya buti. Vikikazwa kupita kiasi skii haiachii, na deni analipa goti. Ukibadili buti, fundi avipime upya. Ndugu yangu, weka chini hiyo bisibisi. Helmeti haina mjadala.

Kuna mmoja kaniandikia pembeni eti namtisha kijana, "hii michezo ya Wazungu tunaigiza tu." Sabrina Simader kazaliwa Kilifi, hapo juu tu ya Mombasa, kaletwa Austria ana miaka mitatu, na mwaka 2018 kaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang, kwenye miteremko ambayo wewe unayeniandikia huwezi hata kuitazama kutoka juu. Na wanamashindano ndio wanaovaa buti za kubana kupita wote. Kwa hiyo tusiletane.

Mwenye picha kanijibu asubuhi. Kasema, "Dada, kwani zikiwa kubwa si ndiyo raha?" Nimeisoma mara tatu nikamsikia mama na kidole chake gumba, hasira ikaniisha. Nimemwambia hizo nyekundu azirudishe, au atundikie nguo. Ijumaa saa kumi jioni namsubiri mlangoni kwa fundi, na nimeshamwonya kuhusu Klammer. Aje na soksi moja. Nimeandika mara mbili ili tusikosane: moja.