Mtoto Anayelisha Nyumba Nzima

Kila baada ya muda huzuka mitandaoni picha mbili za mwigizaji mmoja zilizopangwa sambamba: huku mtoto nyota mwenye mapengo aliyependwa na dunia nzima, kule yeye huyo huyo akiwa mtu mzima mwenye macho ya uchovu. Watu wanacheka, wanauliza ameharibikiwa na nini. Nimezikuta tena wiki hii, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Hakuna anayeuliza yule mtoto alikuwa akifanya kazi saa ngapi, kwa amri ya nani, na fedha zake zilikwenda wapi.

Maana alikuwa kazini. Kuamka alfajiri, kukariri maneno, kurudia tukio lile lile mpaka mwongozaji aridhike, kulia kwa kuagizwa mbele ya watu wazima wanaotazama saa. Sisi tuliona tabasamu tu, tukadhani anacheza.

Jackie Coogan, akiwa mtoto, aliigiza filamu pamoja na mchekeshaji Charlie Chaplin mwaka 1921, akawa mmoja wa watoto maarufu kuliko wote duniani. Inakadiriwa alichuma dola milioni 3 hadi 4. Alipokuwa mtu mzima akakuta karibu zote zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000. Sheria ya jimbo la California, Marekani, wakati ule ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya wazazi wake! Ndipo mwaka 1939 ikapitishwa sheria inayojulikana mpaka leo kwa jina lake, na tangu mwaka 2000 inatamka wazi kwamba mapato ni ya mtoto, na asilimia 15 iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa mpaka akue.

Ni jambo jema. Lakini wizi wa fedha ndio upande ulio rahisi kuutungia sheria. Kinachoniuma zaidi ni kile kinachotokea ndani ya nyumba siku mtoto wa miaka minane anapogeuka kuwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Wakala anakula asilimia yake, meneja yake, na mara nyingi mzazi ameacha kazi ili amsindikize kwenye usaili. Wote hao wanaishi kwa jasho lake. Sasa mtoto huyo akichoka, nani amwambie apumzike? Akisema anaogopa, nani mwenye moyo wa kusikia? Mama akishakuwa meneja, mtoto hana tena wa kumshitakia meneja. Na mtoto ana akili, anaiona hali hiyo mapema kuliko tunavyodhani. Anajifunza kutabasamu akiwa na homa. Anajifunza kwamba kupendwa kunategemea kuajiriwa. Jennette McCurdy, Mmarekani aliyekuwa nyota wa televisheni tangu utotoni, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 2022 kwamba kuigiza ilikuwa ndoto ya mama yake. Yeye alisukumwa humo akiwa na miaka sita, na alipokuja kuwa huru akaacha uigizaji. Watu walimshangaa kuacha ustaa. Mimi nilishangaa kwamba alilazimika kungoja miaka yote ile.

Halafu mwili unakua, na huo nao unahesabiwa kosa. Mara Wilson, mwingine aliyeigiza filamu akiwa mtoto, ameandika kwamba waandishi wa habari walimuuliza kama ana mpenzi tangu akiwa na miaka sita. Alipobalehe, kazi zikapungua. Mtoto gani anastahili kuadhibiwa kwa kukua?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo waliotoka salama, na wapo wazazi waaminifu. Shirley Temple, mtoto nyota wa filamu wa miaka ya 1930, alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, baadaye Chekoslovakia. Lakini hata yeye, alipokagua hesabu, alikuta kama dola 44,000 tu kati ya zaidi ya milioni 3 alizochuma.

Leo kamera imehamia sebuleni. Watoto wa chaneli za familia, zile ambazo wazazi hurusha mtandaoni video za maisha ya nyumbani, hawana mwongozaji, hawana saa za kazi, wala mlango wa kutokea, kwa kuwa mahali pa kazi ndipo wanapolala. Jimbo la Illinois, Marekani, lilianza mwaka 2024 kuwadai wazazi watenge sehemu ya mapato kwa ajili ya mtoto. Ufaransa ilitangulia mwaka 2020, na sheria yake inamruhusu mtoto mwenyewe kuomba video zake zifutwe bila kibali cha mzazi. Haki hiyo naitaka kila mahali, na naitaka isogee mbele zaidi: kabla ya kila mkataba mpya, mtu asiyenufaika na kazi hiyo akae na mtoto faragha, amuulize kama bado anataka kuendelea. Akijibu hapana, asidaiwe sababu.